GBDK-2020 au RGBDS pamoja na Make: ipi inafaa kujengea mchezo wa Game Boy?

KondaWaMbagala: Ndugu wanajukwaa, ninatengeneza mchezo wa Game Boy (mashine ya michezo ya mkononi ya Nintendo) ambamo mchezaji anaendesha daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Kompyuta yangu ni ya zamani na haihimili programu nzito, hivyo nataka kujenga kila kitu kwa amri za terminali. Nichague GBDK-2020, zana zinazotumia lugha ya C, au RGBDS, zana za asembli (lugha iliyo karibu na mashine), nikizisimamia kwa Make, programu ya kuendesha amri za ujenzi?

Mzizima8: Anza na GBDK, kaka. Amri moja, `lcc -o daladala.gb main.c`, inakompaili, inaunganisha na kukutolea romu (faili la mchezo) iliyo tayari. Gharama yake ni kasi: prosesa ya mashine hiyo ya mwaka 1989 inakwenda kwa takribani megahezi 4.19 tu, kwa hiyo C iliyoandikwa ovyo itaonekana mara tu magari yatakapojaa barabarani.

BintiTemeke: Mimi naipendelea RGBDS kwa sababu kila hatua unaiona: rgbgfx hugeuza picha za PNG kuwa vigae (vipande vidogo vya picha), rgbasm hutafsiri msimbo, rgblink huunganisha, na rgbfix hukamilisha kichwa cha romu, yaani sehemu ya taarifa zake. Hatua hiyo ya mwisho usiiruke hata kidogo. Game Boy inapowashwa hulinganisha baiti 48 za nembo iliyomo kwenye katriji na nembo iliyo nayo yenyewe, na zikitofautiana husimama papo hapo. Emuleta nyingi (programu za kuiga mashine hiyo kwenye kompyuta) hazikagui jambo hilo, ndiyo maana mchezo unaweza kwenda vizuri kwenye kompyuta ukagoma kwenye mashine halisi.

KondaWaMbagala: Ahsante, dada. Make ni ya lazima?

BintiTemeke: Si ya lazima, ila inafaa sana, kwa kuwa hutazama muda ambao kila faili lilibadilishwa na kujenga upya kilichoguswa tu. Angalia picha unazoziingiza kwa INCBIN (agizo la kupachika faili kwenye msimbo): zisipoorodheshwa kwenye Makefile, faili la maelekezo ya Make, utachora daladala upya na bado utaona lile la jana. Chaguo la `-M` la rgbasm hukuandikia orodha hiyo. Mistari ya amri ndani ya Makefile ianze kwa tabu, si kwa nafasi.

Mzizima8: Hata GBDK huendeshwa vizuri kwa Make. Lakini kaka, panga foleni yako mapema: Game Boy huonyesha spraiti (vipicha vinavyosogea) 10 tu kwenye mstari mmoja wa skrini, na gari la piseli 16 kwa upana hula mbili, kwa hiyo gari la sita halitaonekana, uwe umetumia C au asembli. Magari yaliyoegeshwa yachore kwenye vigae vya mandhari.