Ziwa Tanganyika likifungwa, marejesho nayo yafungwe au yaendelee?

Mleta mada (Kibirizi, Kigoma)

Wakuu, habari zenu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka 2024, ziwa letu lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Nchi nne zinazochangia Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana lipumzishwe miezi mitatu ili samaki wazaane. Kila mazungumzo hayo yakirudi, watu wanagawanyika mafungu mawili, wa funga na wa usifunge, halafu yanaishia hapo. Mimi naomba tujadili kitu ambacho hakuna anayekigusa: ziwa likifungwa, marejesho ya mikopo nayo yafungwe au yaendelee?

Niseme wazi mapema, sipingi kufunga. Dagaa wamepungua. Mama yangu anaanika dagaa hapa mwaloni tangu sijazaliwa, na nimekua nikihesabu mabeseni yake, najua ninachosema. Wapo wanaotupa lawama zote kwenye nyavu. Ni kweli makokoro na nyavu za matundu madogo vimetuumiza, na anayevua navyo usiku akikamatwa mimi simwonei huruma. Lakini ziwa lenyewe limepata joto. Kina chake kinafika karibu mita 1,470, na virutubisho vingi vimelala chini huko. Kinachovipandisha juu ni upepo wa kusi unaoyakoroga maji. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea kama mawese juu ya mchuzi, na upepo unashindwa kuyachanganya na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwenye jarida la Nature ulikadiria kwamba mwani, ambao ndio mwanzo wa chakula cha dagaa, huenda ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hiyo ni sawa na kupoteza kama asilimia 30 ya samaki. Joto hilo halikuletwa na mama anayeanika dagaa Kibirizi.

Sasa tuje kwenye kalenda. Juni mpaka Agosti ndiyo miezi ya jua kavu huku kwetu. Wakati wa masika mama anaanika huku jicho moja liko mawinguni; mvua ikiwakuta dagaa hawajakauka wanageuka wekundu, wananuka, na mwisho wanauzwa kwa wafuga kuku. Kiangazi ndicho kinachomlipa hasara ya masika. Kwa hiyo likifungwa miezi ile, kwake siyo robo ya mwaka inayoondoka. Ni ile sehemu ya mwaka yenye faida.

Mwaka ule alikuwa na mkopo wa taasisi moja ya hapa mjini, rejesho kila Jumanne. Aliuchukua Machi. Mei 15 ziwa likafungwa, Jumanne hazikufungwa. Wiki mbili za kwanza alilipa kwa akiba, ya tatu akauza doti mbili za kitenge ambazo hazijawahi kuvaliwa. Ya nne akakopa kwenye simu ili alipe mkopo wa kwanza. Mimi ndiye niliyembonyezea, yeye ameshika miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, ananiuliza, "Hapo wameandika nini?" Nikamwambia siku kumi na nne. Sikusoma maandishi madogo ya chini, na hilo linaniuma hadi leo.

Siku ya kumi na tano ujumbe ulikwenda kwa watu waliomo kwenye simu yake: shangazi, fundi cherehani, hata ustadhi anayemfundisha mdogo wangu madrasa. Wote waliambiwa mama ni tapeli. Alizima simu siku nne. Mchuuzi wa dagaa akizima simu siku nne, wateja wake wa mbali wanahamia kwa mwingine.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha kwa mtandao bila leseni. Niliishukuru kwa moyo wote, ingawa sisi tulikuwa tumeshanyolewa. Na ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili 2023, ikarudishwa kwa mwaka wa fedha ulioanza Julai 2024. Mei, mlango wa mikopo isiyo na riba ukiwa umefungwa, ndipo ziwa nalo likafungwa.

Hoja yangu: tarehe ya kufunga ziwa ikitangazwa, itangazwe pamoja na amri kwamba marejesho ya mikopo ya watu wa mialoni yanasimama miezi hiyo mitatu, bila riba kuongezeka na bila faini. Karibuni.

Mvuvi (Katonga)

Naunga mkono. Sisi kupumzika tumezoea. Kila mwezi mbalamwezi ikiwaka vipe, yaani maboti yetu ya kuvulia dagaa, vinakaa pwani, maana taa zetu hazina kazi na dagaa hawakusanyiki. Hizo siku tunashona nyavu, tunaziba maboti, tunajua giza litarudi. Miezi mitatu ni habari nyingine.

Ila mleta mada umemsahau mtu. Mwenye kipe jina lake limo kwenye leseni. Mimi navuta wavu, nalipwa mgao asubuhi, jina langu halimo popote. Mkikaa kuhesabu wa kusaidiwa, anzeni na sisi tusiokuwa na hata cha kuwekea dhamana.

Mweka hazina wa kikundi (Mwanga)

Mdogo wangu, pole kwa mama, mpe salamu zangu. Lakini hapa sikubaliani nawe.

Mimi natunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama wengi ni akina mama wa dagaa. Hela tunayokopeshana hatuitoi benki, ni akiba zao wenyewe. Ukisema marejesho yasimame miezi mitatu, na Julai mwenzao akaja mtoto amelazwa, anataka akiba yake, nimpe nini? Amri yako inamwokoa mmoja na inamfungia mwingine hela yake mwenyewe. Na ukishasema mialoni mikopo inasimama kila Mei, nani atamkopesha mtu wa mwaloni Februari? Watatukimbia wote, tutabaki na hao hao wa simu.

Mkulima (Urambo, Tabora)

Wakuu, niingie kidogo kutoka huku. Sisi wa tumbaku tunakopeshwa mbolea na pembejeo kupitia AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, na deni linakatwa msimu wa mauzo. Hakuna anayenidai Januari wakati jani bado liko shambani. Nisiwadanganye, kuna shida zake: mauzo yakiwa mabaya mnabebana madeni, na kwa kukausha tumbaku miombo yetu imeteketea, hilo nalo linahitaji mjadala wake. Lakini tarehe ya deni inafuata tarehe ya mazao. Kwa nini deni la dagaa lifuate Jumanne?

Mleta mada

Dada wa Mwanga, umenishika pabaya, na nimekaa na hoja yako tangu jana. Uko sahihi kwa vikundi. Hela ya kikundi haiwezi kupigwa amri sawa na hela ya kampuni. Narekebisha: amri iwaguse wakopeshaji wenye leseni wanaokopesha kwa riba. Kwa vikundi, halmashauri itumie sehemu ya ile asilimia 10 kuwawekea fungu Aprili, kabla ziwa halijafungwa, ili Julai mwenye mgonjwa apate akiba yake, nalo lirudishwe ziwa likifunguliwa.

Hofu ya kwamba watatukimbia siikatai. Ila jibu lake ametupa mkulima wa Urambo. Mkopo wa mwaloni uandikwe tangu siku ya kwanza kwa kalenda ya ziwa, marejesho yaishie Mei 14 au yaanze upya baada ya Agosti 15, wiki za mbalamwezi zikiwa nafuu na wiki za giza zikiwa nzito. Mkopeshaji anayekaa Kigoma mwaka mzima anaijua mbalamwezi kama sisi tunavyoijua. Hawezi kusema ilimshtukiza.

Kaka wa Katonga, nakubali nilikusahau. BMU za mialo, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, zinawajua nyote kwa sura. Kuandika majina ya wavuta nyavu, kipe kwa kipe, ni kazi inayowezekana kufanyika kabla ya Mei, na mimi najitolea kuandika wa Kibirizi.

Mama ameniuliza jana usiku kama nimeandika ile habari ya Jumanne. Nikamwambia nimeandika yote. Akasema niongeze kwamba deni alilimaliza Desemba, hadi shilingi ya mwisho, na kwamba viti vyake viwili vya plastiki walivyovibeba watu wa mkopo Julai bado hawajavirudisha.