Siku moja Disneyland ya California: tuanzie upande gani?

Mleta mada: Wadau, tutaingia Disneyland ya Anaheim siku moja tu, na mtoto wa sentimita 104. Tuanzie wapi, na michezo ipi atazuiwa kwa sababu ya urefu?

Mdau 1: Mkuu, ramani yake ni kama gurudumu. Main Street, barabara ya kutoka langoni, inakufikisha kwenye kitovu mbele ya kasri; kutoka hapo kuna sehemu za michezo: Adventureland kushoto, Tomorrowland kulia, Fantasyland nyuma ya kasri. Wakifungua tu, piteni kasri moja kwa moja hadi mchezo wa Peter Pan's Flight ulioko Fantasyland. Vyombo vyake ni vidogo na hubeba watu wachache, ndiyo maana foleni yake hujaa mapema na haipungui kirahisi. Maduka ya Main Street hayakimbii.

Mdau 2: Kwa urefu huo anaingia Space Mountain, treni ya kasi (kima cha chini ni sentimita 102), lakini ni kasi gizani, mwoga atalia. Matterhorn, treni nyingine ya kasi, ni 107, hapo atakwama. Tumieni Rider Switch, utaratibu wa wazazi kupokezana: mwambieni mhudumu wa mlangoni KABLA ya kupanga foleni. Mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanapokezana bila kusubiri foleni nzima upya. Wengi hukumbuka wakiwa wameshafika mbele.

Mdau 3: Nyongeza: usiku wa fataki, baadhi ya michezo ya Fantasyland hufungwa kwa muda kwa usalama, kwa hiyo michezo ya huko imalizeni mapema. Na tiketi ya bustani moja haikuingizi California Adventure, bustani ya pili ya Disney iliyo jirani, hata kama malango yanatazamana.

Mleta mada: Shukrani wakuu.