Fundi kabadilisha sensa, gari bado linalegea: nani alipe?

Nusutangi: Wakuu, nihukumieni. Dizeli yangu inakosa nguvu mlimani, taa ya injini imewaka. Fundi kachomeka mashine, ikatoa namba ya hitilafu P0087, akasema sensa ya presha ya mafuta imekufa. Nimenunua mpya, kaifunga, mlima uleule gari linalegea vilevile. Na hela ya ufundi anaidai! Akikosea kupima, sensa alipe nani?

Spana14: Mwenye gari. Fundi kafuata mashine. Nyie wa dizeli tunawajua, filta mnaikumbuka gari likishagoma.

Nusutangi: Filta yangu haina hata mwezi! Nimeibadilisha kwa mikono yangu hii. Usinisingizie.

Umeme Mtupu: Huyo kapiga ramli. P0087 ni kwamba presha kwenye reli, lile bomba linalogawia nozeli mafuta, iko chini. Sensa imeleta habari, mkamuua mjumbe. Tatizo likiwa kwenye waya zake, kwa kawaida ungeona P0192 au P0193. Nyingi zina waya tatu: volti 5, ethi na ishara. Injini ikiwa imelala, fungua swichi bila kupiga stata, weka mita kwenye waya wa ishara. Mara nyingi utapata kama nusu volti. Ikikaa 0 au 5 kamili, hapo ndipo uanze kushuku waya au sensa.

Spana14: Ramli? Miaka 20 nanuka grisi, leo naitwa mganga?

Umeme Mtupu: Nimetupa jiwe gizani. Nikisikia "yalaa" najua limempata nani.

Mzee Grisi: Mita za nini? Sisi tulikuwa tunalegeza paipu za nozeli moja moja, unasikiliza injini inapobadilika. Basi.

Bi Klachi: Shikamoo mzee, ila hizo ni pampu za enzi zenu. Reli za siku hizi, injini ikinguruma tu pale ilipo, unakuta presha ya baa 300 hivi, na ukikanyaga zinapita 1,600. Hayo mafuta yanapenya ngozi. Nimemwona kijana na kitundu kama kaumwa na mbu, anacheka. Jioni mkono haukunjiki, akaishia kupasuliwa.

Mzee Grisi: Marahaba. Vidole nimevihesabu sasa hivi, vyote kumi vipo.

Bi Klachi: Hiyo bahati, mzee wangu.

Spana14: Dada, heshima kwa wakubwa! Wewe pampu umefungua ngapi?

Bi Klachi: Nyingi, na baadhi mlizifunga ninyi.

Nusutangi: Jamani, sensa yangu!

Umeme Mtupu: Alilipandisha mlimani mashine ikiwa imechomekwa? Unalinganisha presha inayotakiwa na iliyopo. Kompyuta ikitaka 1,200 na reli ina 700, sasa unamtafuta mwizi: filta, mpira unaovuta hewa, vali ya pampu, nozeli. Nozeli unazipima kwa chupa, kila moja na mpira wake wa kurudisha mafuta yaliyobaki. Inayojaza haraka kuliko wenzake ndiyo mbovu.

Nusutangi: Chupa sikuziona. Dakika mbili, akachomoa mashine.

Spana14: Dakika mbili za mtu anayejua.

Bi Klachi: Anayejua nini, na gari linalegea?

Nusutangi: Nimerudi. Nimeweka kipande cha mpira mweupe kabla ya pampu, mapovu yanapita kama soda. Klipu ya kwenye filta haijakazwa.

Spana14: Filta aliifunga nani vile?

Nusutangi: …

Spana14: Kalipe hela ya ufundi.

Umeme Mtupu: Na sensa?