Natarajia mwezi wa pili: vitu gani vya kulalia na kusafiria ni vya lazima kwa kichanga, na vipi niachane navyo?

mama_mtarajiwa_Tabata

Wakuu habari zenu, hasa wamama na wababa mliopitia hii hatua. Natarajia kujifungua mwezi wa pili Mungu akijalia, mtoto wa kwanza, tunakaa Tabata chumba na sebule, na kila nikifungua Instagram nakutana na maduka ya vitu vya watoto mpaka kichwa kinauma. Kuna kitanda cha mbao chenye vimito kuzunguka pembeni, kuna kile kigodoro laini cha duara kama donati mtoto analazwa katikati, kuna bembea ya umeme, kigari cha kusukuma, siti ya mtoto ya kwenye gari, kibebeo cha kifuani cha mikanda, chandarua cha mwamvuli, yaani kila mwenye duka anakwambia hichi ndo lazima.

Mume wangu anasema yeye kakulia kwenye khanga na mgongoni kwa bibi yake na yupo hapa anadai chai 😂. Afu kuna jambo lingine, mama mkwe yupo Njombe na amesema arobaini ikiisha tu anataka amuone mjukuu, kwahiyo ni kama mwezi wa nne hivi na masika ndo yatakuwa yamekolea. Gari hatuna, tunapanda bajaji na taksi za kuita kwa simu, ila shemeji ana IST anatuazima siku moja moja. Bajeti yangu ya hivi vitu ni laki tatu na nusu. Nianze na kipi jamani?

BintiPangani

Hongera mdogo wangu, Mungu akufikishe salama. Mi nina watoto watatu na nakwambia ukweli, nusu ya hivyo vitu ulivyotaja utavigeuza mahali pa kuwekea nguo ambazo hazijapigwa pasi. Kigari cha kusukuma utakisukumia wapi hapo Tabata, kwenye mchanga au kwenye mitaro? Weka kando hicho. Bembea ya umeme nayo weka kando, LUKU yenyewe unaijua.

Cha kwanza ni chandarua, cha pili godoro gumu la kwake, cha tatu khanga, na khanga usinunue mpya zile za wanga zinakwaruza, waombe mama na mashangazi wakupe za zamani zilizofuliwa mpaka zimelainika, hizo ndo shuka, ndo taulo, ndo kivuli, ndo nepi pampasi ikiisha usiku. Halafu mpira wa kutandika chini ya shuka ukajifungulie nao na urudi nao nyumbani.

Kumbeba mgongoni subiri shingo ikaze, kichanga anafungwa kifuani na uso wake uwe unauona, siyo umemzamisha kwenye kitambaa huku unapiga stori. Na mwezi wa pili Dar joto lile unalijua, sasa utaona watu wanakuja kumtazama mtoto wanakuta kavaa fulana na nepi wanapiga kelele anaumwa baridi, wanamletea sweta la sufi, kofia, soksi na blanketi la manyoya. Usiwasikilize. Pima shingoni kwa nyuma au kifuani, viganja na nyayo za kichanga huwa vya baridi tu hata kama hana baridi. Akiwa na jasho shingoni punguza nguo. Feni haina neno, usimuelekezee usoni tu.

babaWawili_Mbezi

Napingana kidogo na dada hapo juu, kitanda ni muhimu maana chumba chenu ni kimoja na kitanda chenu nina uhakika ni kile cha sita kwa sita chenye mito minne na shuka la kulaza. Nenda Keko au kwa fundi wa mtaani kwako akuchongee cha mbao, kinakuja bei rahisi kuliko cha onlaini na unampa vipimo vyako mwenyewe. Mwambie nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 6, na siku ya kwenda kuchukua beba kopo la soda, likipita kati ya mbao kimemshinda arudie, maana kiwiliwili kinaweza kupita kichwa kikabaki. Godoro liagizie kwa kipimo cha kitanda, libane, vidole viwili vikipita pembeni kwa urahisi ni dogo hilo. Mafundi wetu wanapenda nakshi na vichwa vya kuchonga kwenye nguzo za kona, kataa, nguo ya mtoto ikinasa pale akishaanza kusimama ni balaa.

Kuhusu siti ya gari: kama gari ni la kuazima mara moja moja, nunua ile ya kichanga inayofungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, usihangaike na zile zinazotaka vyuma maalum kwenye siti. Inakaa siti ya nyuma na mtoto anatazama nyuma. USIWEKE siti ya mbele yenye eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga), ile kitu ikilipuka inampiga mtoto na siti yake kwa pamoja.

Mkongwe_wa_Ilala

Kizazi hiki mnasumbuka sana. Sisi tulilazwa kifudifudi kwenye mkeka, hakuna siti wala nini, na tupo.

nesi_zamu_ya_usiku

@Mkongwe heshima yako mzee wangu, ila waliolazwa kifudifudi wakazima usiku hawapo humu kukujibu.

Bi dada mi nipo wodi ya wazazi, ngoja nikwambie yale tunayoyasema haraka haraka siku ya kuruhusiwa na mama akiwa amechoka hasikii. Mtoto analala CHALI, usiku na mchana, kila usingizi. Siyo kifudifudi na siyo ubavu, ubavu anabiringika anaishia tumboni. Watu wanaogopa atapaliwa na maziwa, hapana, mtoto mzima akilala chali njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, anachocheua anakimeza au kinatoka pembeni. Sehemu yenyewe iwe ngumu na bapa, haina mto, haina midoli, haina blanketi zito, na vile vimito vya kuzunguka kitanda vitoe hata kama vimekuja bure na seti. Marekani wamevipiga marufuku kuuzwa kwa sheria ya mwaka 2022, pamoja na vile vitanda vya kulaza mtoto kimteremko, watoto walikuwa wanaziba pumzi. Na hicho cha donati tafadhali kisikae kitandani na mtoto amelala bila mtu kumuangalia, kingo zake laini akigeuza uso ndo zinamkaba.

Sasa kulala naye kitanda kimoja. Kitabu kinasema chumba kimoja kitanda tofauti, angalau miezi 6 ya mwanzo. Lakini nawajua, usiku wa manane umechoka unanyonyesha umelala unalala, kwahiyo nakupa zile hali ambazo hairuhusiwi kabisa kabisa: mmoja wenu akiwa amekunywa pombe au dawa inayolaza, mmoja wenu anavuta sigara, mtoto kazaliwa njiti au na uzito chini ya kilo mbili na nusu. Na usilale naye kwenye sofa hata kama hakuna hali yoyote kati ya hizo, sofa ni mbaya kuliko kitanda. Ikibidi, baba ahamie ukutani, mtoto awe upande wako, mito na shuka zito vikae mbali naye, na asiwe kati ya kitanda na ukuta maana anadumbukia.

Kumfunga khanga mwili mzima sawa kama inamtuliza, ila mikono tu ndo ibane kidogo, miguu iachiwe ikunjuke kama chura, ile tabia ya kuinyoosha miguu na kuikaza kwa kitambaa ili isije ikawa matege inaharibu nyonga. Akianza kutaka kujigeuza unaacha kumfunga.

Na kule Njombe: najua mtapewa chumba na mtawashiwa jiko la mkaa ndani kipashe joto. LISIINGIE chumba anacholala mtoto, hata likiwa limeshika vizuri halitoi moshi, ile hewa yake haina harufu na inaua familia nzima usingizini. Valisha nguo za tabaka tabaka, fulana, nguo ya mikono mirefu, sweta, na kama ana baridi sana mbebe kifuani ngozi kwa ngozi ujifunike wewe na shali, joto la mama halizidishi wala halipunguzi.

Mswahili_Leicester

Huku Uingereza ni hivyo hivyo alivyosema nesi, kampeni ya kulaza watoto chali ilianza 1991 na vifo vya ghafla vya usingizini vikashuka sana miaka iliyofuata. Afu kitu ambacho watu wa nyumbani wanashangaa, Finland serikali inawapa wajawazito boksi la karatasi ngumu lenye nguo za mtoto na kigodoro chini, tangu 1938 kwa kina mama maskini na tangu 1949 kwa wote, na watoto wengi wamelala humo humo ndani ya boksi. Kwahiyo usidanganywe na duka kwamba bila kitanda cha laki tano mtoto hatalala.

Kwenye siti ya gari ndo nataka kuongea maana ndugu wananiagiza sana. Ukinunua ya mtumba angalia mambo mawili, tarehe ya mwisho wa matumizi ipo imegandamizwa kwenye plastiki chini au nyuma, na kama ilishakuwa kwenye ajali. Hilo la pili muuzaji hakwambii na wala hajui, ndo maana mi natumia hela kwenye siti kuliko kwenye kitu kingine chochote, au nachukua ya mtu ninayemjua. Lebo ya R44 au R129, yaani alama za viwango vya usalama wa siti za watoto, iwepo, hiyo ya R129 inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Mikanda yake ibane usiweze kufinya mkunjo begani, na sweta nene avue kwanza ndo umfunge, blanketi linakuja juu ya mikanda.

Ila siti siyo kitanda. Kichwa cha kichanga kinaanguka mbele kidevu kinagusa kifua anakosa hewa taratibu bila kulia. Wiki za mwanzo huku wanashauri kama nusu saa tu kwa mpigo, na baadaye isipite masaa mawili bila kumtoa. Mkifika nyumbani anatolewa hata kama kalala vizuri vipi.

mama_mtarajiwa_Tabata

Asanteni sana jamani, nimesoma mara mbili na mume wangu nimemsomea kwa sauti ile sehemu ya kuhamia ukutani hajapenda 😂. Donati nimeshaifuta kwenye oda. Sasa swali langu ni basi, maana hiyo siti kwenye basi la Njombe nitaifunga wapi? Na wifi anasema tupande SGR.

Mbena_halisi

Wifi yako anapiga hesabu za Dodoma. SGR inakufikisha Dodoma vizuri tu, mtoto anapata hewa na wewe unasimama unamtembeza, ila kutoka Dodoma bado una basi la kupita Mtera mpaka Iringa, halafu Iringa Mafinga Makambako Njombe, na kila kubadilisha usafiri na kichanga ni mizigo, mvua na kusubiri stendi. Kama mnaweza kulala Iringa siku moja inafaa. Kama hamuwezi pandeni basi moja la asubuhi moja kwa moja, chagueni siti za katikati siyo mbele nyuma ya dereva na siyo nyuma kabisa, na kama pesa ipo lipieni siti tatu. Ukiwa na uwezo zaidi kuna ndege mpaka Songwe alafu gari mpaka Njombe, unamnyonyesha inapopaa na inapotua masikio yasimuume.

Siti ya mtoto kwenye basi mara nyingi haifungiki, mikanda mingi ya basi ni ya kiunoni tu na siti zinataka ule wa kupita begani. Kwahiyo ni kibebeo cha kifuani, wewe umefunga mkanda wako, mkanda upite chini yake kwenye mapaja yako, USIWAZUNGUSHE wote wawili na mkanda mmoja, basi likifunga breki wewe ndo unamkandamiza. Nisikudanganye, kibebeo hakimlindi kwenye ajali, kinafanya tu mikono yako isichoke ukamdondosha. Ukipata mtu anayepanda na gari dogo na siti ikafungika, hiyo ndo bora, msimame Morogoro, Mikumi na Iringa.

nesi_zamu_ya_usiku

Naongezea moja la safari, wiki ya 6 ana chanjo. Arobaini ikiisha msiondoke kesho yake, mpelekeni kliniki kwanza achomwe, mkae siku mbili tatu maana wengine wanachemka, ndo msafiri. Kadi ya kliniki iwe kwenye mkoba wa mkononi siyo kwenye begi la buti. Na bodaboda hapana, hata kama ni hapo hapo stendi tu.

mama_mtarajiwa_Tabata

Sawa nesi. La mwisho, chandarua cha mwamvuli ninunue au kile nilichopewa kliniki kinatosha? Na mama mkwe kashatuma kimto cha mtama wa kulalia kichwa kiwe duara, nakifanyaje bila ugomvi?

BintiPangani

Cha kliniki kinatosha na ndo kina dawa, vile vya mwamvuli vingi ni kitambaa tu hakina dawa na mtoto akiweka mkono ukutani mwa neti mbu anang'ata kwa nje. Kitoe kwenye mfuko ukianike kivulini siku nzima na usiku wake ndo ukifunge, kifunike kitanda chenu na cha mtoto pamoja kama vimekaribiana, chomekea chini ya godoro pande zote kisiwe kinaning'inia karibu na uso. Kikichafuka fua kwa sabuni ya mche, anika kivulini tena. Cha mwamvuli nunua kama hela imebaki, mchana akilala sebuleni kinasaidia nzi.

Kimto cha mtama pokea kwa mikono miwili, mwambie mama ahsante sana, mpigie picha kikiwa kitandani mtoto akiwa macho umemshika. Akilala kitoe. Kichwa kitajirekebisha chenyewe, mchana akiwa macho mlaze kifudifudi kifuani kwako dakika chache chache, na usiku mgeuzie upande wa kichwa kila siku, leo kulia kesho kushoto. Ukifika Njombe ndo kazi, maana hapo hautakuwa na picha ya kumtumia, hapo mume wako aongee na mama yake mwenyewe.