Ushauri: Camogli kwa siku moja tukitokea Genova, nipo na bi mkubwa na mtoto wa miaka 6

ChaiYaRangi

Wakuu, habari za humu.

Katikati ya Septemba tutakuwa Genova, Italia, kwa siku nne. Tupo watatu: mimi, bi mkubwa wa miaka 68 ambaye magoti hayataki ngazi nyingi, na binti wa miaka 6. Siku ya Jumanne tunataka kwenda mji wa baharini wenye zile nyumba za rangi, tukae, tule, mtoto achezee maji, jioni turudi. Hatuna gari.

Naomba kujua:
- Camogli au Cinque Terre?
- Treni inakwendaje na tiketi zina mitego gani?
- Boti ya kwenda San Fruttuoso inafaa kwa mtu mzima?
- Chakula: hatuli nguruwe, na pombe hatutumii hata ndani ya keki.

Asanteni.

---

Mzee wa Reli

Karibu, ChaiYaRangi. Kwa watu uliowataja, Camogli bila kusita. Cinque Terre ni vijiji vitano, kila kijiji kina umati wake na ngazi zake, na nusu ya siku inaishia kwenye majukwaa ya treni. Hiyo si siku ya kupumzika, hiyo ni ziara ya ukaguzi.

Treni: panda Genova Brignole au Piazza Principe, treni ya mkoa (regionale) inayoelekea mashariki, upande wa Sestri Levante au La Spezia. Kutoka Brignole ni kama nusu saa hadi dakika arobaini, kutegemea vituo inavyosimama. Kituo chenu kinaandikwa Camogli-San Fruttuoso. Angalia ubao au programu ya simu kama treni yenyewe inasimama hapo, maana zile za haraka zinakipita. Kaeni upande wa kulia, bahari iko huko. Mkifika Recco anzeni kukusanya mabegi, kinachofuata ni Camogli. Mkichelewa kushuka, treni inazama kwenye handaki refu na kuibukia Santa Margherita Ligure. Hapo hakuna balaa, mnarudi kituo kimoja tu.

Sasa tiketi, ambako wageni wengi hupigwa faini bila kujua kosa lao:

Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda. Ipo jukwaani au njiani kuelekea huko. Ingiza tiketi, sikiliza mlio, kisha angalia kama tarehe na saa zimechapwa. Ikigoma, jaribu mashine nyingine. Zote zikigoma, mtafuteni kondakta ninyi wenyewe mara tu mnapopanda, msisubiri awafikie.

Tiketi ya kwenye simu haigongwi muhuri ila lazima uifanyie "check-in" ndani ya programu au kwa kubonyeza kiungo ulichotumiwa, nako ni kabla ya kupanda. Kununua peke yake hakutoshi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wanadhani wameshamaliza.

Mtoto wa miaka 6 analipa nusu (punguzo ni kuanzia miaka 4 hadi kabla ya kutimiza 12). Kwenye mashine ya tiketi mchague kama "ragazzi", usimnunulie ya mtu mzima. Nauli ya mtu mzima kwenda tu haifiki euro 5, kwa hiyo hakuna haja ya kukata wiki mbili mapema. Treni hizi hazina viti vya kuwekewa wala bei haipandi.

Jambo la mwisho ni mgomo. Neno la kutafuta ni "sciopero". Siku za kazi, hata kukiwa na mgomo, treni za mkoa zina muda wa lazima: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 hadi saa 3 usiku. Mkikuta Jumanne ina mgomo, nendeni na kurudi ndani ya saa hizo, au hamisheni siku.

---

Kaskazi Kusi

Niongezee hapo kwenye boti, maana ndiyo inayoharibu siku za watu.

San Fruttuoso ni ghuba ndogo nyuma ya mlima yenye abasia (makao ya watawa) ya kale iliyo chini ya FAI, taasisi ya Italia ya kutunza urithi. Barabara haifiki. Mnafika kwa boti au kwa miguu. Boti inatoka bandari ndogo ya Camogli, inagusa rasi ndogo ya Punta Chiappa, na kwa takriban nusu saa mko San Fruttuoso. Nauli ya boti ndiyo itakayokula pesa kuliko treni, na kuingia abasia ni tiketi nyingine.

Shida ni hii: asubuhi bahari kimya, mchana upepo wa libeccio (kusini-magharibi) unaamka, mawimbi yanaingia moja kwa moja ghubani, boti zinasitishwa. Kijana anafunga viatu na kupanda mlima kwa saa moja na nusu au zaidi. Bi mkubwa mwenye magoti hana njia hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, soma utabiri wa bahari wa siku nzima. Maneno ni matatu:

*poco mosso*: mawimbi hadi nusu mita. Nendeni.
*mosso*: nusu mita hadi mita 1.25. Kwenu ninyi, acheni.
*molto mosso*: zaidi ya hapo, hadi mita 2.5. Msiulize hata kibandani.

Mkienda, chukueni boti ya mapema na mrudi kabla ya chakula cha mchana. Boti za mwisho za alasiri zina foleni, na kila mtu anataka hiyo hiyo. Kushuka ni kwa ubao mwembamba unaocheza na wimbi. Mabaharia wanashika mkono, lakini mikono yote miwili ya bi mkubwa iwe mitupu, begi abebe mwingine.

Ile sanamu ya Kristo iliyozamishwa 1954 hamtaiona. Iko chini kama mita 17, ni ya wapiga mbizi. Nasema mapema kwa sababu watu huahidi watoto halafu mtoto analia.

---

Upwa Mweupe

@Kaskazi Kusi uko sahihi, ila mimi naona hiyo boti waiache kabisa. Wamesema siku ya kupumzika. Camogli yenyewe inajaza siku bila kukimbizana.

ChaiYaRangi, mpangilio wa mji uko hivi. Kituo cha treni kiko juu, bahari iko chini. Kuna barabara ya juu ambako wenyeji wananunua mboga na dawa, na chini yake sambamba ni Via Garibaldi, njia ya waenda kwa miguu inayofuata ufukwe. Kati ya hizo mbili ni ngazi. Hakikisha mnashuka mara moja na kupanda mara moja tu. Chochote kinachouzwa juu, kinunueni kabla ya kushuka. Mkishafika chini, Via Garibaldi ni tambarare hadi kwenye kanisa kuu la Santa Maria Assunta na ngome ya Dragonara, na mkipenya hapo mnatokea bandari ndogo. Siku nzima mnaweza kuimaliza kwenye mstari huo.

Ufukwe ni wa kokoto, si mchanga. Ndala hazifai, zinavuliwa na wimbi. Mnunulieni mtoto viatu vya maji vya mpira. Kokoto zinateleza chini ya mguu na kina kinaongezeka ghafla, kwa hiyo mtu mzima asimame upande wa bahari, mtoto awe upande wa nchi kavu. Palipoandikwa "spiaggia libera" ni bure. Penye miavuli ya rangi moja iliyopangwa mstari, hapo ni pa kulipia. Kwa bi mkubwa lipieni tu, kukaa juu ya kokoto na kuinuka ni mateso ya magoti.

Halafu jua. Mji unatazama magharibi na mlima uko mgongoni, kwa hiyo asubuhi nyumba ziko kivulini na picha zinatoka rangi ya majivu. Kuanzia saa tisa alasiri hivi ndipo ukuta mzima unawaka: njano ya haradali, waridi, wekundu wa matofali. Anayeondoka saa nane ameukosa mji.

---

Fundi Chokaa

Kwa kuwa rangi ndizo zinazowapeleka, mpeni mtoto kazi hii: atafute madirisha ya uongo.

Nyumba hizi ni ndefu, ghorofa sita au zaidi, zimebanana. Sehemu kubwa ya mapambo mnayoyaona, yaani fremu za mawe, nguzo, matofali ya pembeni, hata luva za kijani, ni mchoro juu ya lipu ya chokaa. Jiwe la kuchonga ni ghali na zito. Rangi inatoa sura ileile kwa gharama ndogo, na dirisha la kuchorwa linasawazisha ukuta pale ambapo ndani hakuna chumba cha kuwekewa dirisha.

Namna ya kulikamata: tazama kivuli. Mchoraji ameweka kivuli upande mmoja wa fremu, na hapo ndipo kitakapobaki milele. Luva ya kweli, jua likisogea, kivuli chake kinasogea nalo. Simameni sehemu moja saa tisa na mrudi hapo hapo saa kumi na moja, za uongo zitajisema zenyewe. Dalili nyingine ni kamba ya nguo: panapoanikwa shuka, hapo pana mtu.

Wenyeji husimulia kwamba rangi zilimsaidia baharia kuitambua nyumba yake akiwa mbali. Ni simulizi tamu, na mji huu kweli ulikuwa wa mabaharia: karne ya 19 ulikuwa na kundi kubwa la merikebu za tanga, na 1853 wenye vyombo walianzisha bima ya pamoja ya kulipana chombo kikizama. Recco, jirani yao, haina rangi hizo. Ilipigwa mabomu kuanzia Novemba 1943 kwa sababu ya daraja la reli, ikajengwa upya kwa zege.

---

Bi Mchuzi

Nijibu la chakula, mdogo wangu.

Kitu cha kula huko ni *focaccia di Recco col formaggio*, ambayo inaokwa Camogli pia. Usiifananishe na mkate. Ni chapati mbili nyembamba mno za unga, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, hamira hakuna, katikati vipande vya jibini laini, inaingia oveni ya moto mkali sana kwa dakika chache. Ikiwa nzuri, juu ina mabaka ya kahawia na ndani jibini inatiririka. Iliyokaa kabatini saa moja imekuwa ngozi. Mngoje inayotoka. Inauzwa kwa uzito: *un etto* ni gramu 100, kwa hiyo ninyi watatu anzeni na *quattro etti*.

Ile focaccia nyingine, nene yenye vishimo, kwa kawaida ni ya mafuta ya zeituni, lakini baadhi ya waokaji hutia *strutto*, yaani mafuta ya nguruwe. Uliza: "C'è strutto?" Akisema sì, ondoka. Wenye kuangalia kimeng'enya cha jibini, jibini nyingi za huko hugandishwa kwa kimeng'enya cha ndama. Hilo mtaamua wenyewe.

Salama zaidi: trofie (tambi fupi za kusokotwa) kwa pesto (mrehani, karanga za msonobari, kitunguu saumu, jibini, mafuta), na acciughe, jamaa wa dagaa mchele wetu ila wakubwa, wa kukaanga au wa kuchovya limau. Mchuzi wa nyama (*ragù*) uacheni, nyama huchanganywa.

Keki maarufu za mji zinaitwa *camogliesi*, duara zilizopakwa chokoleti. Ndani zina ramu. Zinapangwa kioo cha mbele na mtoto atazitaka, kwa hiyo mwelekezeni kwenye aiskrimu kabla hajaziona.

Jikoni nyingi hufunga mchana kama saa nane na nusu na kufunguliwa jioni. Mkifika saa tisa na njaa mtaambulia kahawa. Na kwenye bili mkiona *coperto*, ni malipo ya kiti kwa kila kichwa, yameandikwa kwenye menyu. Hamjaibiwa.

---

ChaiYaRangi

Mbarikiwe wote. Boti tumeiacha. Ila bi mkubwa amezaliwa Pemba, akisikia bandari ya wavuvi hatakaa kimya. Kuna cha kumwonyesha?

---

Kaskazi Kusi

Kipo, na kitamfurahisha kuliko kanisa. Kati ya Camogli na Punta Chiappa kuna mtego wa samaki unaoitwa *tonnarella*. Unawekwa Aprili na kuondolewa Septemba. Nyavu zake zinasukwa kila mwaka kwa nyuzi za nazi. Usumba, huo huo wa makumbi yanayofukiwa tope la pwani na kupondwa. Unashikwa na mwani, unakuwa kama ukuta, samaki wanaufuata hadi chumba cha mwisho: jamaa wa kolekole, jamaa wa jodari. Msimu ukiisha wavu unakatwa, unaozea majini bila kudhuru.

Mtego wenyewe uko mbali kidogo kwa macho, lakini nendeni bandarini asubuhi, boti za wavuvi zikirudi. Akiona kamba ya kahawia yenye nywele, yeye ndiye atakayewaeleza ninyi.

---

Mzee wa Reli

Ratiba basi, kwa kifupi: treni ya saa mbili na nusu hivi, bandarini kwanza, kokoto na maji hadi saa sita, focaccia kabla ya saa saba, mapumziko kivulini, madirisha saa tisa. Katikati ya Septemba jua linazama kama saa moja na nusu jioni, upande wa baharini. Anzeni kupanda ngazi dakika 40 kabla ya treni, si 15, na tiketi ya kurudi iwe tayari mkononi. Mnunue ya kwenda na kurudi asubuhi hiyo hiyo Brignole, ila ya kurudi msiigonge muhuri asubuhi, maana ikishagongwa saa zake zinaanza kuhesabiwa.