Shamba limejaa akina mama, masupavaiza karibu wote wanaume. Mpango wa usawa uanzie wapi? (Usa River, Arusha)

Utumishi_Usa
Habari za muda huu wakuu. Niko utumishi kwenye shamba la maua huku Usa River. Ukumbi wa kupanga na kufunga maua karibu wote ni akina mama, kwenye grinihausi ni nusu kwa nusu. Masupavaiza ni tisa, mwanamke mmoja. Nafasi zikitangazwa hawaombi, meneja anasema "hawataki". Natakiwa kuandika mpango wa usawa kabla ya mwezi kuisha na sitaki karatasi ya kujaza faili. Naombeni ushauri wenye vipimo.

Salari_Slipu
Kabla ya "hawataki", piga hesabu ya kinachoingia mkononi. Tuseme mpangaji maua ana 250,000 kwa mwezi. Gawa kwa saa 195 (45 kwa wiki mara 4.333), unapata kama 1,282 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 1,923. Akifanya saa 40 anaongeza karibu 77,000, jumla 327,000. Supavaiza mkimpa 310,000 bila ovataimu, mmempandisha cheo na kumshusha kipato, halafu anatoka usiku zaidi. Nani aombe hapo?

Kifungu cha 17 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtoa kwenye masharti ya saa za kazi mtu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri NA kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Supavaiza anayeripoti kwa msimamizi wa kati msimkate ovataimu kwa kifungu hicho. Weka mshahara wa supavaiza juu ya kipato halisi cha mpangaji bora wa mwezi wenye kazi nyingi, siyo juu ya mshahara wake wa msingi.

Mzee_wa_Kikatiti
Mnataka upendeleo tu. Awekwe anayeweza, basi.

Binti_Machame
Mzee shikamoo. Shida ni kwamba huyo "anayeweza" hajawahi kupimwa. Angalia wale wanane walipataje: supavaiza kaugua, meneja kamnyooshea kidole aliyekuwa karibu, akakaimu wee hadi nafasi ikawa yake. Tangazo linabandikwa wakati mtu tayari yuko kitini. Kwa hiyo mkuu Utumishi, anza na kukaimu. Kila anayekaimu apewe barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na zamu izunguke kwa orodha ambayo wafanyakazi wanaiona ukutani.

Pili, pitia sifa mnazoandika. Leseni ya pikipiki kwa msimamizi wa ukumbi wa kupanga maua ni ya nini? "Uzoefu wa kupulizia dawa" unawafuta akina mama wote kama wapuliziaji wenu ni wanaume watupu. Sifa isiyotumika kazini kila wiki, ifute.

Tatu, usaili uwe wa vitendo. Mpe ndoo ya waridi zilizochanganywa, mashina ya sentimita 40, 50 na 60, chache zina ukungu kwenye petali, nyingine shingo imepinda. Mpe na daftari la mahudhurio lenye watu watatu pungufu na oda ya kutoka saa 9 alasiri. Dakika 30: apange watu, atenge mabovu, aeleze oda ipi itangulie. Alama zijazwe palepale, kila msaili fomu yake, kabla hawajaongea. Wakianza kujadiliana kwanza, mwenye sauti kubwa ndiye anayeajiri.

Kifungu_cha_Saba
Mzee, kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kinasema hatua za makusudi za kuinua usawa si ubaguzi, na kinamtaka mwajiri kusajili mpango wake kwa Kamishna wa Kazi. Kwa hiyo mkuu, karatasi yako ina mahali pa kwenda nje ya ofisi ya meneja.

Likizo ya uzazi iwekee ukurasa wake, maana nafasi nyingi hupotelea hapo. Ni siku 84 kwa malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anatoa taarifa miezi mitatu kabla, akiwa na cheti cha daktari. Barua ya anayemkaimu ifike mwisho siku anayorudi, na cheo anachorudia mama huyo kiandikwe kwa jina ndani ya barua hiyo, siyo "atapangiwa kazi". Akirudi ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ziingizwe kwenye ratiba na awepo msaidizi aliyetajwa. Msipofanya hivyo ukumbi unayumba saa hizo, kisha lawama zinaandikwa kwenye tathmini yake.

Utumishi_Usa
Asanteni sana. Kuna jambo la chini ya kapeti: ovataimu na mikataba ya msimu anagawa supavaiza peke yake. Wengine "wanaomba kitu".

Dada_Mkweli
Hapo ndipo akina mama wanapoogopa hata kuonekana. Mnyang'anyeni kalamu ya peke yake: orodha ya ovataimu isainiwe na watu wawili, ibandikwe kabla ya saa 4 asubuhi, na kila mwezi utumishi ihesabu saa za kila mfanyakazi. Jina likikatika ghafla mara baada ya kugombana na supavaiza, uliza. Malalamiko yapokelewe na wawili walio nje ya idara yake, mmoja awe mwanamke.

Kudai ngono ili mtu apewe kazi au cheo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Bandika namba ya TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa), 113, kwenye mlango wa vyoo vya wanawake, siyo kwenye ubao wa ofisi ambako kila anayeisoma anaonekana. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 kupeleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa fomu namba 1. Migogoro mingine siku 60. Wengi huzimaliza wakisubiri meneja "alifanyie kazi".

Binti_Machame
Nyongeza: msipandishe akina mama mmoja mmoja. Pandisheni wawili kwa mkupuo, mmoja ukumbini na mmoja grinihausi. Wanaume wa grinihausi wakigoma kupokea maagizo, barua ya onyo isainiwe na meneja wa shamba, asiachiwe mgeni aanze cheo kwa kugombana.