Mhakiki hupimaje filamu ya kutisha, katuni na filamu nzito ya vita kwa nyota zilezile?

Kalamu Changa aliuliza:

Habari za jioni, wanajukwaa. Nimekabidhiwa safu ya filamu katika gazeti dogo la kila wiki, na mhariri wangu anataka kila uhakiki uishie na nyota, kuanzia moja hadi nne. Katika mwezi mmoja ninaweza kupangiwa filamu ya kutisha, katuni ya watoto, filamu ya hali halisi kuhusu wavuvi, filamu ya mapigano kutoka Hong Kong na filamu ya mapenzi ya hapa nyumbani. Kila moja ninaweza kuieleza kwa maneno. Ninapokwama ni kwenye nyota. Nikiipa katuni nyota tatu, kisha filamu nzito ya vita nayo nikaipa nyota tatu, je, nimemwambia msomaji kwamba zinalingana? Na kama hazilingani, nyota hizo zina maana gani?

Ningependa kujua jinsi wahakiki waliofanya kazi hii kwa miaka mingi, ambao hulazimika kutazama kila kinachotoka badala ya kuchagua wanachokipenda, wanavyolikabili jambo hili. Naomba pia mnieleze bajeti ndogo ihesabiweje, kwa sababu naona vigumu kulaumu sauti mbovu ya filamu iliyotengenezwa kwa fedha za mfukoni, na papo hapo naona si haki kumficha msomaji anayelipa kiingilio.

Safu ya Utamaduni alijibu:

Ndugu Kalamu Changa, swali lako lilijibiwa waziwazi na Roger Ebert, aliyehakiki filamu katika gazeti la Chicago Sun-Times tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2013, na ambaye mwaka 1975 alikuwa mhakiki wa filamu wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer ya uhakiki, tuzo kubwa ya uandishi wa habari nchini Marekani. Naye alitumia nyota nne, na hakuficha kwamba nyota zake zilikuwa za kulinganisha. Mwaka 2004, alipokuwa akihakiki kichekesho cha Hong Kong kuhusu vijana wa kung fu ya Shaolin wanaocheza soka, alieleza kwamba mtu anapomuuliza rafiki yake kama filamu fulani ya shujaa wa vibonzo ni nzuri, haulizi kama inaizidi filamu nzito ya mauaji na majonzi. Anauliza kama inazizidi filamu nyingine za mashujaa wa vibonzo. Kwa hiyo nyota tatu za katuni na nyota tatu za filamu ya vita ni majibu ya maswali mawili tofauti, na msomaji aliyezoea safu yako atalielewa hilo upesi.

Kuna kanuni yake nyingine ambayo kwangu ina uzito zaidi: filamu haipimwi kwa jambo inalolizungumzia, bali kwa namna inavyolizungumzia. Wahakiki wengi wachanga huogopa kuinyima nyota filamu inayohusu ukimwi, njaa au mauaji ya halaiki, kana kwamba kuikosoa filamu ni kuwadharau walioteseka. Mada nzito iliyotengenezwa kizembe inawakosea heshima watu hao zaidi kuliko mhakiki anayesema kwamba imetengenezwa kizembe.

Lakini usidhani kwamba kupima filamu ndani ya aina yake ni kulegeza kamba. Chukua Halloween ya John Carpenter ya mwaka 1978, ambayo Ebert aliipa nyota zote nne. Bajeti yake ilikuwa kama dola 300,000, fedha kidogo sana hata kwa Marekani ya wakati ule; kinyago cha muuaji kilikuwa cha dukani, kikapakwa rangi nyeupe, na muziki wake wa piano aliutunga mwongozaji mwenyewe. Tazama inavyoanza: tunaiona nyumba kwa macho ya mtu tusiyemjua, kamera inazunguka nje, inaingia jikoni, kisu kinachukuliwa, inapanda ngazi, na baada ya mauaji ndipo tunapoonyeshwa kwamba macho tuliyoyaazima yalikuwa ya mtoto wa miaka sita. Baadaye muuaji anasimama tu pembeni mwa picha, mchana kweupe, kwenye mtaa mtulivu, na kamera haina haraka ya kutuonyesha zaidi. Mhakiki aliyetazama filamu za kutisha kwa wingi ndiye anayeweza kukueleza kwa nini utulivu huo unatisha kuliko damu nyingi, na ni filamu ngapi zilizoiga kisu na kinyago zikaacha subira. Hiyo ndiyo kazi ya kulinganisha, na inadai kutazama sana, zikiwemo filamu ambazo wewe binafsi usingezilipia kiingilio.

Pazia Jeupe alijibu:

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia kwa sehemu kubwa, lakini kuna pengo ambalo lisipozibwa litamwingiza mwenzetu matatani. Tukisema kila filamu ipimwe kwa lengo lake na aina yake peke yake, tutasemaje kuhusu filamu inayofikia lengo ovu kwa ustadi mkubwa? The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, ya mwaka 1915, ilihaririwa kwa ufundi uliowafunza waongozaji wengi waliofuata, na lengo lake ililifikia barabara: iliwatukuza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa Marekani, kama wakombozi na kuwaonyesha Wamarekani weusi kama hatari. Mwaka huohuo Klan ilifufuliwa, huku NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kikiwa kimeshaanza kuipinga filamu hiyo. Mhakiki anayeishia kusifu mapigo ya uhariri wake hajaimaliza kazi yake. Lazima alihukumu na lengo lenyewe.

Ebert naye hakuwa mtumwa wa kanuni zake. Mwaka 1986 aliipa Blue Velvet ya David Lynch nyota moja tu, ilhali wahakiki wengi waliisifu. Hoja yake haikuwa kwamba Lynch hajui kuongoza. Alisema kwamba Isabella Rossellini alitakiwa kuigiza matukio ya kumvunjia mtu utu, akajitoa kikamilifu, kisha filamu ikayazungushia mzaha, na kwamba mwongozaji anayemdai mwigizaji kiasi hicho anapaswa kumweka ndani ya filamu inayostahili gharama hiyo. Gene Siskel wa Chicago Tribune, aliyekuwa akihakiki pamoja naye kwenye televisheni, hakukubaliana naye, na leo filamu hiyo huhesabiwa na wengi miongoni mwa kazi bora za Lynch. Hata hivyo uhakiki ule bado unasomeka, kwa sababu sababu zake zimewekwa wazi na msomaji anaweza kuzipima mwenyewe. Nyota moja ile bila hoja hiyo ingekuwa tusi tu.

Chumba cha Uhariri alijibu:

Naongeza jambo fupi kuhusu tarakimu, kwa kuwa bila shaka mhariri wako atakuja kukuuliza kwa nini nyota zako hazifanani na asilimia za mtandaoni. Tovuti ya Rotten Tomatoes huhesabu ni wahakiki wangapi wamependekeza filamu. Haihesabu wameipenda kiasi gani. Wahakiki wote wakisema kwamba filamu ni ya kuridhisha tu, itapata asilimia 100, wakati filamu iliyowagawa, nusu wakiiona kazi ya kipekee na nusu wakiichukia, itabaki 50 na kuitwa mbovu, kwa kuwa kwao filamu huitwa nzuri kuanzia asilimia 60. Tovuti ya Metacritic hugeuza kila uhakiki kuwa alama kati ya 0 na 100, kisha hutafuta wastani, huku ikiwapa wahakiki wengine uzito zaidi kuliko wengine. CinemaScore, kampuni ya kura za maoni, haiwahusu wahakiki kabisa. Huwauliza watazamaji wenyewe usiku wa kwanza. Hivi ni vipimo vitatu vya vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachoweza kukuandikia uhakiki.

Kalamu Changa aliandika tena:

Nawashukuru sana, wakuu. Suala la lengo ovu sikuwa nimelifikiria, na limenipa kazi. Nimebakiwa na mambo mawili. La kwanza ni lile la bajeti kwa filamu zetu. La pili: mhakiki afanyeje anapoona, baada ya gazeti kutoka, kwamba filamu ilikuwa bora kuliko alivyoandika?

Pazia Jeupe alijibu:

La pili lina mfano maarufu. Bonnie and Clyde, filamu kuhusu wapenzi wawili majambazi, ilipotoka mwaka 1967, Bosley Crowther, aliyekuwa mhakiki wa filamu wa New York Times tangu 1940, aliishambulia zaidi ya mara moja kwa kuchanganya mzaha na umwagaji damu. Joe Morgenstern wa Newsweek naye aliiponda, kisha akaitazama tena kati ya watazamaji wa kawaida, akaona walivyokuwa wakicheka na ghafla kunyamaza, na wiki iliyofuata akachapisha uhakiki wa pili wa kuufuta ule wa kwanza. Pauline Kael aliitetea katika The New Yorker kwa makala ndefu sana, na mwaka uliofuata akawa mhakiki wa jarida hilo, wakati Crowther alikuwa ameondoka kwenye safu yake. Kwa maoni yangu Morgenstern ndiye wa kuigwa zaidi hapo. Alirudi jumba la sinema, akawatazama watu pamoja na filamu, akasema hadharani kilichobadilika na kwa nini.

Safu ya Utamaduni alijibu:

Nami nichukue la bajeti, maana hapa ndipo wahakiki wetu wa Kiswahili wanapoyumba zaidi: ama wanaponda kila kitu kwa kukilinganisha na Hollywood, ama wanasifu kila kitu kwa kisingizio cha kuinua vya nyumbani. Ninavyoona, tenganisha upungufu wa fedha na upungufu wa uangalifu. Kukosa helikopta, umati wa askari au taa kubwa ni fedha. Lakini kurekodi mazungumzo karibu na jenereta inayonguruma wakati ingewezekana kusogea, kumwaga muziki wa huzuni juu ya kila sentensi mpaka maneno yasisikike, au kuacha kamera imtazame mtu anayeegesha gari, anayeshuka, anayebisha hodi na anayesubiri mlango, bila tukio hilo kuongeza chochote, hayo hayatokani na umaskini. Katika zama za DVD, visa vingi vya filamu za Tanzania vilivutwa hivyo ili viuzwe katika sehemu mbili, na mhakiki alikuwa na haki ya kusema kwamba aliyeumia ni mnunuzi. Halloween iliyotajwa juu inatosha kuonyesha kwamba fedha kidogo hazimzuii mwongozaji kuchagua vizuri mahali pa kuiweka kamera.

Tena una nafasi ambayo mhakiki wa ng'ambo hana. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Aliyeihakiki kule aliweza kusifu rangi na mwanga, lakini mazungumzo aliyasoma chini ya picha. Wewe unasikia kama mwigizaji anazungumza Kiunguja cha kweli au anakariri, kama salamu inaendana na umri na heshima ya wanaosalimiana, kama mzaha umetamkwa kwa wakati wake. Mambo hayo yaandike kwa kirefu, kwa sababu usipoyaandika wewe, hayataandikwa Toronto.

Kuhusu nyota, mwombe mhariri akuruhusu kuweka mistari miwili ya kudumu chini ya safu, inayosema kwamba kila filamu imelinganishwa na nyingine za aina yake. Kisha katika aya ya kwanza ya kila uhakiki itaje aina hiyo, na utaje pia filamu moja au mbili unazoilinganisha nayo, ili msomaji ambaye hajaona hata moja kati ya hizo ajue nyota zako zinasimama wapi.